Kobe wa maji naye anataka baraza lake: Namna ya kumtengenezea mahali pa kuota jua

Dada yangu aliyeolewa Maskati hunipigia simu usiku, watoto wakishalala. Kwa hivyo siku aliponipigia mchana wa Jumamosi, nami ndio kwanza natoka msikitini kuswali Adhuhuri, nikajua kuna jambo. Nyuma yake nikasikia mtoto analia.

"Kaka, usishtuke, sisi sote wazima," akaniwahi. "Ni huyu mpwa wako. Kasa wake ana siku tatu hali kitu, na gamba lake ukilibonyeza linabonyea."

Nikamwambia afungue video. Nikaona tangi la kioo juu ya meza, limesogezwa kando ya dirisha kubwa, jua limejaa tele. Ndani ya tangi mlikuwa na maji, na katikati kisiwa kidogo cha plastiki chenye mnazi wa kijani wa plastiki, kile alichouziwa pamoja na mnyama mwenyewe miaka miwili nyuma. Mnyama alikuwa ameshakua. Akitaka kupanda kile kisiwa kinazama, naye anarudi majini.

"Sasa shida iko wapi?" dada akauliza. "Jua si analipata? Tangi tumeliweka dirishani makusudi."

Pale pale ndipo ilipokuwa shida yenyewe. Niliposimulia kisa hiki barazani kwetu jioni, wenzangu wawili wakaniambia watoto wa ndugu zao, mmoja Dubai na mwingine London, wana viumbe kama hao ndani ya nyumba na wamewaweka vile vile. Ndio maana leo nimeamua kuandika juu ya jambo ambalo huenda msomaji wangu hukulitarajia katika safu hii: namna ya kumtengenezea kobe wa maji mahali pa kuota jua. Mimi si daktari wa wanyama. Haya nimeyapata kwa kuuliza wanaojua, kusoma, na kukaa kwenye simu na mpwa wangu tukipima vipimo kwa rula yake ya shule.

Kwanza, huyo si kasa

Mtoto alimwita kasa, nami nikamsahihisha. Sisi wa Pwani tuna maneno yetu na tusiyapoteze. Kasa ni wa baharini, miguu yake imekuwa kama makasia, na ndugu yake ng'amba ni yule mwenye gamba lililokuwa likitafutwa kwa mapambo. Kobe ni wa nchi kavu, kama yule Mzee wa Haller Park, Bamburi, aliyejulikana dunia nzima pale kiboko mchanga Owen, aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipomfanya mzazi wake. Kati ya hawa wawili yuko kobe wa maji, anayeishi kwenye mito na mabwawa. Ana miguu yenye kucha na utando katikati ya vidole kama wa bata. Huogelea, lakini kila siku lazima atoke nje ya maji akauke.

Anayeuzwa sana katika maduka ya wanyama ya Ghuba na Marekani, na aliyekuwa akiuzwa sana Ulaya pia, ni kobe wa maji mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho. Kwao ni bonde la Mto Mississippi, Marekani. Akiuzwa huwa mdogo kama sarafu kubwa, na mzazi hudhani amenunua kitu cha kuchezea. Ukweli ni kwamba jike anaweza kufikia karibu sentimita 30, na kobe huyu akitunzwa vizuri huishi miaka 20, 30 au zaidi. Mtoto anayemnunua akiwa darasa la pili anaweza kuwa naye hadi siku ya harusi yake.

Huko kwao, asubuhi utawaona wamejipanga kwenye magogo, shingo zimenyooshwa na miguu ya nyuma imetandazwa. Hata kobe wa maji wa Afrika Mashariki hufanya hivyo kwenye magogo na mawe ya mito, na wengine hupanda juu ya migongo ya viboko. Wapo pale kwa haja, si kwa uvivu. Wanapata mambo matatu kwa mpigo: joto, ukavu na mionzi.

Jua la dirishani si jua

Tuanze na joto. Mwili wa kobe hautengenezi joto lake wenyewe kama wetu. Akiwa wa baridi, tumbo lake halisagi chakula vizuri, na nguvu za kupigana na maradhi zinapungua. Katika nyumba ambayo kiyoyozi kinanguruma mchana na usiku, kama zilivyo nyumba nyingi za Maskati, maji ya tangi hupoa kuliko vile mwenye nyumba anavyodhani. Nje ni nyuzi 40 na zaidi, ndani kobe anatetemeka.

Pili, ukavu. Gamba likikaa majini siku zote bila kukauka, huota utelezi wa kijani, kuvu na bakteria hupata pa kuingilia, na vipande vyake vya juu ambavyo hubambuka kadiri mnyama anavyokua havibambuki vizuri. Likioza hutoa harufu mbaya, na kulitibu ni kazi ndefu.

La tatu ndilo wengi tusilolijua. Jua hutuletea mwanga tunaouona, joto tunalolihisi, na mionzi ya urujuanimno ambayo hatuioni kabisa. Sehemu ya mionzi hiyo huitwa UVB. Ikipiga ngozi ya kobe, mwili huanza kutengeneza vitamini D3. Bila vitamini hiyo, kalsiamu iliyomo kwenye chakula haiingii mwilini inavyotakiwa. Damu ikikosa kalsiamu, mwili huenda kuichota mifupani. Na gamba la kobe ni mfupa, maana mbavu na uti wa mgongo wake vimeungana nalo. Ndiyo sababu lile gamba likabonyea chini ya kidole cha mpwa wangu. Ni jamaa wa ugonjwa tunaouita matege kwa watoto wetu.

Sasa sikiliza hapa: kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia karibu UVB yote. Kobe aliye nyuma ya kioo anaona jua na hapati kitu. Miaka miwili dada yangu alimweka dirishani kwa nia njema kabisa, na miaka miwili mnyama alikuwa na njaa ya jua huku amekaa mbele yake. Wala si kobe peke yake. Katika nchi za Ghuba, zenye jua kali, watu wengi hupatikana na upungufu wa vitamini D, kwa sababu maisha ni ya nyumbani, garini na ofisini, nyuma ya kioo.

Baraza lenyewe

Mtu wa Mombasa au Lamu anajua maana ya baraza. Ni mahali pakavu, penye nafasi ya kukaa kwa raha, ambapo unapanda bila taabu na hakuna wa kukusumbua. Mtengenezee kobe wako kitu cha namna hiyo.

Vifaa havina gharama kubwa. Sisi tulitumia kikapu cha plastiki kigumu chenye matundu, kile cha kuwekea matunda, paipu nyembamba za PVC pamoja na elbo zake, na vifungo vya plastiki vya kukazia waya. Paipu zilikatwa zikaunganishwa kuwa fremu yenye miguu minne inayosimama chini ya tangi, na kikapu kikageuzwa juu chini na kufungwa juu yake. Toboa matundu kwenye paipu ili maji yaingie ndani, la sivyo fremu yote itaelea. Ukiunganisha kwa kubana tu bila gundi ni bora. Ukilazimika kutumia gundi, iache ikauke kabisa kwa siku kadhaa na uioshe kabla kobe hajaingia.

Mawe laini na bapa ya mtoni pia hufaa, mradi yamepangwa imara yasiporomoke. Usitumie jiwe la matumbawe. Makali yake hukwaruza gamba la chini, na matumbawe mahali pake ni baharini. Wala usitumie ubao uliopakwa rangi au dawa ya mchwa.

Zingatia mambo matano:

1. Nafasi. Baraza liwe angalau mara moja na nusu ya urefu wa gamba, na kobe aweze kugeuka juu yake. Wa mpwa wangu ana gamba la sentimita 12, tukampimia sentimita 25 kwa 20. Ukiwa na kobe wawili, nafasi iwatoshe wote wawili, kwani mkubwa humsukuma mdogo majini.

2. Uimara. Lisizame wala kuyumba akipanda. Vile visiwa vinavyobandikwa kwenye kioo kwa mipira ya kunyonya hufaa kobe mchanga tu. Akipata uzito vinabanduka.

3. Njia ya kupandia. Weka mteremko mpole unaoanza chini ya maji, wala si kwenye uso wa maji, maana kobe huanza kupanda akiwa bado anaogelea. Uso wake uwe na mkwaruzo wa kushika kucha. Kipande cha wavu mgumu wa plastiki kilichofungwa juu ya mteremko kinatosha.

4. Chini yake. Jambo hili limeua wengi. Kobe wa maji hupumua hewa kama mimi na wewe. Akijibana chini ya baraza au katikati ya mawe akashindwa kutoka, atazama afe. Kwa hivyo ama uache nafasi kubwa apite huru, ama uzibe kabisa asiingie.

5. Ukingo. Ukipandisha baraza, kumbuka na yeye amepanda. Ukingo wa tangi ubaki juu kuliko kobe akisimama na kunyoosha shingo. Wanajua kutoroka, na akianguka kutoka mezani gamba hupasuka.

Sehemu ya juu lazima iwe kavu kabisa. Baraza linalolowa kila maji yakitikisika halijafanya kazi yake.

Taa mbili, kazi mbili

Kwa kobe anayeishi ndani ya nyumba, baraza bila taa ni kiti gizani. Na taa zinazotakiwa kwa kawaida ni mbili, kwa sababu kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni ya joto. Globu ya halojeni au ile ya zamani yenye uzi, ya wati 50 hadi 75, mara nyingi hutosha. Globu ya LED tunayoisifu kwa kupunguza bili ya stima haifai hapa, kwani haitoi joto la maana. Holda iwe ya kauri, maana ya plastiki huyeyuka. Juu ya baraza, pale mgongo wa kobe utakapokuwa, joto liwe kati ya nyuzi 32 na 35 za Selsiasi. Maji yawe kati ya 24 na 27. Tofauti hiyo ndiyo inayomvuta atoke. Usikisie kwa kiganja chako. Nunua kipimajoto, weka juu ya baraza, washa taa, ngoja saa moja, kisha soma. Ikiwa juu mno inua taa, ikiwa chini ishushe.

Ya pili ni ya UVB. Hii ni taa maalumu ya wanyama watambaao, na ile ya mrija mrefu huenea vizuri kuliko globu ndogo. Ndiyo ghali katika orodha yote, na ndiyo usiyopaswa kuibania. Mambo manne kuihusu. Iwe juu ya kobe, si ubavuni, maana jua humpiga kutoka juu. Isiwe na kioo wala plastiki kati yake na kobe, la sivyo umerudi dirishani. Umbali ufuate maandishi ya kwenye boksi lake; zilizo nyingi huwekwa kati ya sentimita 25 na 40. Na ibadilishwe kila miezi 6 hadi 12 kulingana na aina, hata kama bado inawaka. Mwanga unaouona hubaki, lakini UVB yake huisha kimyakimya. Mpwa wangu ameandika tarehe ya kuwashwa kwenye kishikizo kwa kalamu ya wino mzito, na mama yake ameiweka kwenye kalenda ya simu.

Taa zote ziwake saa 10 hadi 12 kwa siku na zizimwe usiku. Kobe naye anahitaji giza la kulala.

Sasa tahadhari ambayo fundi yeyote wa stima atakuambia: maji na umeme havikai pamoja. Taa ifungwe kwa mnyororo au kibanio imara, na zaidi ya kitu kimoja kiishike, isije ikaanguka majini au kwenye pazia. Waya uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji likitambaa nalo lidondoke sakafuni lisiingie ndani. Soketi iwe kwenye saketi yenye kikata-umeme cha usalama. Na kabla ya kutia mkono kwenye tangi, zima kila kitu. Mfundishe mtoto hilo kabla ya kumfundisha lingine lolote.

Jua lenyewe, kwa uangalifu

Hakuna taa inayoshinda jua aliloumba Mwenyezi Mungu, na halina bili. Anayeweza kumtoa kobe nje kwa muda, amtoe. Ila jua la Ghuba, na hata letu la mwezi wa Februari, linaweza kumuua kwa muda mfupi kuliko unavyofikiri, kwa sababu mwili wake hauna jasho la kuupoza.

Usitoe tangi la kioo nje. Likipigwa na jua hugeuka jiko. Tumia beseni pana la plastiki lenye maji kiasi, jiwe la kupandia, na nusu yake iwe na kivuli cha kweli. Yeye mwenyewe achague jua au kivuli. Asubuhi mapema ndio wakati mzuri. Kule Maskati wakati wa kiangazi dada yangu humtoa kabla ya saa mbili asubuhi, nusu saa, basi. Wala usimwache peke yake ukaenda kupika. Paka wapo, na kunguru tunawajua. Kunguru aliyeweza kunyakua samosa mkononi mwa mtoto hashindwi na kobe wa kiganja.

Msome kobe wako

Baraza likishakamilika, kobe mwenyewe atakueleza kama umepatia. Siku mbili tatu za kwanza anaweza kuogopa akabaki majini. Mwache, usimbebe kumweka juu kwa nguvu. Akishaanza kupanda, akinyoosha miguu na shingo na kufumba macho, umefaulu.

Akipanda kisha akashuka haraka kila mara, pengine pana joto mno, au tangi liko mahali pa pilikapilika na watu wanamtisha. Akikaa juu siku nzima hataki kushuka, pima maji, huenda ni ya baridi, au mnyama ni mgonjwa. Akielea kaupande upande, akitoa mapovu puani au kupumua mdomo wazi, hiyo inaweza kuwa nimonia. Macho yakivimba, au gamba likilainika, likiota mabaka yenye harufu, usingoje. Baraza ni kinga, na kinga ni bora kuliko tiba, lakini mnyama aliyekwisha kuugua anahitaji daktari. Gamba la kobe aliyeanguliwa karibuni huwa na ulaini kidogo, hilo ni la kawaida. La mwenye miaka miwili halipaswi kubonyea.

Na chakula kiende sambamba. Mionzi bila kalsiamu haina cha kujenga. Ule mfupa mweupe wa dome tunaouokota ufuoni, ambao madukani huuzwa kwa wenye ndege, ukiwekwa ndani ya tangi kobe huutafuna taratibu akapata kalsiamu.

Mikono, jikoni na watoto wadogo

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Kobe mwenye afya njema kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela, wanaosababisha kuhara na homa kali. Mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, yaani kama sentimita 10, baada ya watoto wengi kuugua, kwa kuwa wale wadogo ndio watoto huwatia midomoni na kuwabusu. Hadi leo wataalamu wa afya hushauri nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano, mzee sana, au mtu mwenye kinga dhaifu isifuge kobe.

Kwa hivyo kila anayemgusa kobe, maji yake au baraza lake, anawe kwa sabuni. Vitu vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni. Ndoo yake iwe yake, isirudi kwenye vyombo wala kutumika kutilia udhu.

Msimtupe kwenye wadi

Baada ya kusikia yote hayo, shemeji yangu alisema neno ambalo baba wengi wangelisema: "Kazi yote hii ya nini? Tumwache kwenye wadi, Mungu atamlisha."

Ninamheshimu shemeji, lakini hapo nilimpinga. Kobe huyu amewekwa katika orodha ya viumbe vamizi 100 vilivyo vibaya zaidi duniani, iliyotayarishwa na wataalamu wa uhifadhi wa IUCN. Umoja wa Ulaya ulizuia kumwingiza tangu mwaka 1997, kwa sababu watu walimnunua akiwa mdogo, hasa zile katuni za kobe wapiganaji zilipovuma, wakachoka naye, wakamtupa mitoni. Akiishi huko hunyang'anya viumbe wenyeji chakula na mahali pa kuota jua. Asipoishi, umempeleka kufa mbali na macho yako.

Kisha kuna upande wa dini. Katika hadithi sahihi tumesimuliwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe. Wanavyuoni pia wamechukua kutoka kisa cha yule mtoto, Abu Umayr, aliyekuwa na kindege chake, kwamba kufuga kunaruhusiwa mradi mnyama asidhulumiwe. Ukizitazama habari hizi mbili pamoja, utaona mpaka uko wapi. Ukimfungia kiumbe, yale aliyokuwa akijitafutia yanakuwa deni lako. Paka alihitaji chakula. Kobe anahitaji chakula na jua, na nyuma ya kioo hawezi kulifuata. Asiyeweza kulipa deni hilo amtafutie mtu au kituo kitakachompokea, wala asimtupe.

Na hapa kwetu?

Msomaji wa Kilifi au Tana River asije akasoma haya akaenda bwawani kutafuta kobe wa maji. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kumweka mnyamapori bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni kosa. Baada ya mvua watoto huwaokota njiani. Wafundisheni kuwarudisha penye maji pale pale walipowakuta. Na kasa ndio kabisa, haguswi, yeye wala mayai yake. Akinaswa kwenye nyavu au akionekana amejeruhiwa, wapigieni KWS, na kwa walio pande za Watamu kuna kituo cha Local Ocean Conservation kinachotibu kasa na kuwarudisha baharini. Mnyama aliye huru analo baraza lake tayari, hahitaji letu.

Ama kobe wa Maskati, alipelekwa kwa daktari siku iliyofuata. Akapewa kalsiamu, na daktari akasisitiza yale yale ya taa na baraza. Wiki mbili za mwanzo hatukujua kama ataishi. Mtoto alikuwa akinitumia ujumbe kila asubuhi kabla ya shule: "Mjomba, bado hali." Kisha siku moja: "Mjomba, amekula." Gamba limeanza kuwa gumu tena. Nyuma limebaki limepinda kidogo, na daktari amesema halitanyooka. Alama ile atakaa nayo maisha yake yote, pengine miaka 30 ijayo.

Msomaji wangu, ukiwa na ndugu huko nje mwenye kobe ndani ya nyumba, leo ukimpigia simu muulize maswali matatu. Je, ana mahali pakavu pa kupanda? Juu yake pana joto la nyuzi ngapi? Na hilo jua analopata, kati yake na kobe kuna kioo? Akisitasita kwenye moja, msomee makala hii.